Daftari Lilipohama: Kuibuka kwa Mkaguzi Chipukizi wa Mifumo ya TEHAMA katika Ukaguzi wa Umma Tanzania, kwa Mtazamo wa Mabogini, Moshi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi kazi ya ukaguzi wa mifumo ya TEHAMA ilivyoibuka serikalini nchini Tanzania, na hasa nafasi ya mtumishi anayeianza kazi hiyo katika daraja la chini. Kata ya Mabogini, katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, inatumiwa kama dirisha la kihistoria la kuonyesha kuhama kwa ushahidi wa mali ya umma: kutoka kwa mashahidi wa mfongo, kwenda katika kitabu cha stakabadhi, hatimaye katika hifadhidata. Hoja kuu ni kwamba mfumo haukuiondoa kazi ya kuhakiki kwa macho bali uliigawa mara mbili. Mkaguzi chipukizi ndiye anayetarajiwa kuziunganisha nusu hizo mbili, ilhali mafunzo yake na utaratibu wa kazi humvuta upande mmoja.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mafunzo ya uhasibu na ushirika, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni wosia kwa mwenye mali: aandike. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali inazungumzia mambo mawili tofauti. La kwanza ni kupotea kwa mali, na la pili ni kukosekana kwa habari ya kupotea huko. Daftari halina uwezo wa kuzuia mkono wa mwizi. Linachoweza ni kuufanya wizi ujulikane. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa kazi ya ukaguzi maana yake. Mkaguzi halindi sanduku la fedha. Hulisoma daftari kwa niaba ya watu wasioweza kulifikia.

Ikiwa ndivyo, basi kila daftari linapohama, swali la nani anaweza kulisoma huanza upya. Nchini Tanzania daftari la fedha za umma limehama kwa kasi kubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kutoka katika leja za karatasi kwenda katika mifumo ya kompyuta. Kuhama huko kumezaa kada ambayo haikuwapo katika ofisi za ukaguzi za kizazi kilichotangulia: mkaguzi wa mifumo ya TEHAMA. Maandishi mengi kuhusu mageuzi ya usimamizi wa fedha yamejikita katika sheria, mifumo na viongozi wakuu. Mtumishi wa daraja la kuingilia, ambaye ndiye anayefungua faili la kwanza na kuuliza swali la kwanza, ametajwa kwa nadra.

Makala haya yanamtazama mtumishi huyo kihistoria, na kwa makusudi yanamtazama kutoka mahali palipo mbali na makao makuu. Mabogini ni kata ya tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi, chini ya miteremko ya Kilimanjaro, kati ya mji na mashamba ya miwa ya TPC. Ni eneo la mpunga na mifereji. Imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, maji yake yamewahi kugawanywa na kuhesabiwa kwa njia zote zinazojadiliwa hapa. Pili, maji ni mali inayokataa kukaa daftarini: huweza kuandikwa kuwa yamefika wakati shamba ni kavu.

2.0 Mfongo na Ushahidi wa Watu

Kabla ya karatasi kuingia Kilimanjaro, jamii za Wachaga zilikuwa na utaratibu madhubuti wa kusimamia mali ya pamoja. Mifereji ya asili, iitwayo mifongo, ilichepusha maji kutoka katika vijito vya mlimani na kuyapeleka migombani. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, kwa kawaida ukoo wa aliyeuanzisha au kundi la watumiaji, na zamu za maji zilipangwa na wazee wenye dhamana hiyo. Haki ya kupata maji iliambatana na wajibu wa kufika siku ya kusafisha mfereji. Asiyefika alitozwa faini.

Kwa istilahi za leo, huo ulikuwa mfumo kamili wa udhibiti. Ulikuwa na orodha ya wanachama, ada iliyolipwa kwa nguvu kazi, ratiba ya huduma na adhabu ya ukiukaji. Kilichokosekana ni maandishi, na sababu ni kwamba hayakuhitajika. Ushahidi ulikaa kwa watu. Waliosafisha mfereji pamoja walijua nani hakuwapo, na aliyekosa maji katika zamu yake aliona kwa macho yake mahali yalipochepushwa. Mkaguzi na mkaguliwa walikunywa maji ya mfongo mmoja.

Utaratibu huo haukuwa wa haki kwa wote. Ukoo mwanzilishi ulikuwa na sauti kubwa kuliko wageni, wanawake hawakuwa na nafasi sawa katika maamuzi, na ugomvi wa zamu ulikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja ambayo hatua zilizofuata ziliipunguza: mtu wa kawaida aliweza kuhakiki mwenyewe dai linalomhusu.

3.0 Kitabu cha Stakabadhi na Mkaguzi wa Karatasi

Utawala wa kikoloni ulileta kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja nayo cheti cha karatasi. Kuanzia hapo, kulipa hakukutosha. Ilibidi kuwe na stakabadhi ya kuthibitisha. Chini ya utawala wa Waingereza, mfumo wa utawala wa wenyeji ulioimarishwa kwa sheria ya mwaka 1926 uliwapa watemi na mamangi hazina zao, na hivyo vitabu vyao vya mapato na matumizi. Kwa upande wa kahawa, chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1925 kilirithiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU, mwaka 1933.

Historia ya KNCU inaonyesha mapema kwamba kuwapo kwa vitabu si sawa na kuwapo kwa imani. Mwaka 1937 wakulima wenye hasira walishambulia majengo ya ushirika katika sehemu mbalimbali za Wilaya ya Moshi, wakati bei ya kahawa ilikuwa imeshuka na wakilazimika kuuza zao lao kupitia chama hicho pekee. Sababu za ghasia hizo zilikuwa nyingi, za kiuchumi na za kisiasa. Mojawapo ya mambo yanayojitokeza ni umbali uliokuwa umezuka kati ya mkulima na hesabu za zao lake. Kilo zilipimwa mbele yake, lakini bei ya mwisho ilitokea mahali asipopaona, katika kitabu asichokisoma. Si ajabu kwamba baada ya Uhuru, mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi kufundisha, pamoja na mengine, utunzaji wa vitabu vya vyama. Chuo hicho ndicho asili ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilichopata hadhi hiyo mwaka 2014.

Serikalini, ukaguzi wa karatasi ulijenga mkaguzi wa aina yake. Kijana aliyeajiriwa alianza kwa kuhakiki hati za malipo moja baada ya nyingine: je, ina sahihi ya afisa masuuli, je, ina viambatisho, je, kifungu cha bajeti ni sahihi? Katika halmashauri alihesabu vitabu vya stakabadhi vilivyotolewa kwa wakusanya mapato, hasa vile vya HW 5, na kulinganisha namba za vilivyorejeshwa. Kitabu kisichorudi kilikuwa hoja ya ukaguzi, kwa sababu kurasa zake hazikujulikana zilikusanya nini. Kazi hiyo ilichosha, na waliopitia hapo hawakuiita ya heshima. Lakini ilifundisha. Baada ya kupitia hati elfu kadhaa, mkaguzi chipukizi alianza kutambua wino uliofanana kupita kiasi, tarehe ya Jumapili, au mhuri uliogongwa kabla ya sahihi. Uzoefu uliingia kupitia vidole.

Kulikuwa na faida nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa na nakala mbili, na moja ilibaki kwa mlipaji. Mkaguzi aliyetilia shaka angeweza kwenda kijijini na kuomba kuiona. Ingawa daftari kuu lilikaa ofisini, sehemu ndogo ya ushahidi iliendelea kulala chini ya godoro la mwananchi.

4.0 Kompyuta ya Hazina na Funzo Lililosahaulika

Ni rahisi kudhani kwamba kompyuta iliingia serikalini Tanzania katika miaka ya 1990. Ukweli ni kwamba iliingia katikati ya miaka ya 1960, na mahali pa kwanza ni Wizara ya Fedha. Mashine hiyo, na nyingine kubwa zaidi iliyofuata, zilitarajiwa kurahisisha hesabu za Serikali. Matokeo yalikuwa kinyume. Hesabu zilichelewa na kuvurugika, wataalamu wa kuendesha na kurekebisha programu walikuwa wachache na wengi wao wageni, na Hazina ililazimika kurudi katika utaratibu wa mikono. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka mingi kabla ya kulegezwa.

Tukio hili kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha nchi iliyoikataa teknolojia. Kwa historia ya ukaguzi, somo lake ni jingine. Serikali ilikuwa imeweka daftari lake mahali ambapo watu wake wenyewe hawakuweza kulisoma. Waliokuwa na uwezo wa kueleza kwa nini jumla haikubaliani na hati za malipo walikuwa ni wale wale walioendesha mashine. Mkaguzi wa wakati huo, aliyefundishwa kuhakiki karatasi, aliona kilichoingia na kilichotoka. Cha katikati hakukiona.

Tatizo hilo halikuwa la Tanzania pekee. Nchini Marekani, mwaka 1969 wakaguzi waliokabiliwa na kompyuta waliunda chama chao, ambacho leo hujulikana kama ISACA. Mwaka 1973 ulifichuka udanganyifu wa kampuni ya Equity Funding ya Los Angeles, iliyokuwa imetengeneza maelfu ya bima za watu wasiokuwapo na kuzihifadhi katika kompyuta kana kwamba ni halisi. Wakaguzi wa nje walikuwa wamepokea orodha zilizochapishwa na kuziamini. Tangu hapo wazo la kukagua mfumo wenyewe, badala ya karatasi inayotoka ndani yake, lilipata nguvu. Mwaka 1978 cheti cha kitaaluma cha CISA kilianzishwa, na mwaka 1989 shirikisho la ofisi kuu za ukaguzi duniani, INTOSAI, liliunda kikundi kazi cha ukaguzi wa TEHAMA.

5.0 Sheria, Ofisi na Mifumo Mipya

Kurejea kwa kompyuta katika hesabu za Serikali kulikuja na mfumo jumuishi wa usimamizi wa fedha, uliotumia programu ya Platinum na baadaye Epicor, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Safari hii mfumo ulidumu. Ulianzia katika wizara, ukafika mikoani, kisha katika halmashauri. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 ilichukua nafasi ya sheria iliyotungwa mwaka wa Uhuru. Sheria ya Ukaguzi wa Umma Na. 11 ya mwaka 2008 iliipa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi msingi wake mpya na kufafanua aina za ukaguzi zinazozidi ukaguzi wa hesabu pekee. Nafasi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yenyewe inalindwa na Ibara za 143 na 144 za Katiba ya mwaka 1977. Ripoti yake hukabidhiwa Rais, ambaye huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata.

Ukurasa mwingine ulifunguka katika muongo wa 2010. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012 na kugeuzwa kuwa Mamlaka kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Mwaka 2015 zilitungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa GePG, unaompa kila mlipaji namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wananchi wengi huiita kontroo namba. Baadaye ukaja Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, uliochukua nafasi ya Epicor, na kuanzia mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma, NeST. Mashine za POS zikachukua nafasi ya vitabu vya HW 5 mikononi mwa wakusanya ushuru wa halmashauri.

Mageuzi hayo yalipimwa hadharani mwaka 2016 na 2017. Uhakiki wa orodha ya mishahara uliibua zaidi ya majina 19,000 ya watumishi hewa, na uhakiki wa vyeti uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Mishahara wakati huo ilikuwa tayari ndani ya mfumo wa kompyuta. Mfumo uliwalipa watu hewa kwa uaminifu, kila mwezi, kwa tarehe sahihi. Kilichowafichua ni kulinganisha kumbukumbu za mfumo na watu waliosimama mbele ya mhakiki. Funzo la Equity Funding lilikuwa limefika nyumbani.

Katika mazingira hayo, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilihitaji watu wa aina mpya. Katika miaka ya karibuni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu amekuwa akitoa ripoti mahususi ya ukaguzi wa mifumo ya TEHAMA sambamba na zile za Serikali Kuu, Serikali za Mitaa na mashirika ya umma. Ukaguzi wa mifumo umeacha kuwa kiambatisho cha ukaguzi wa hesabu.

6.0 Mwaka wa Kwanza Kazini

Anayeingia katika kada hii kwa kawaida ni mhitimu wa shahada ya sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari au fani inayokaribiana nazo. Ajira za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira: tangazo, maombi kupitia mtandao, usaili wa kuandika, kisha usaili wa mahojiano. Huingia katika daraja la II na kutumikia kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini.

Tofauti yake na mtangulizi wake wa enzi ya karatasi huonekana siku ya kwanza ya kazi za nje. Mtangulizi aliingia katika halmashauri na kuomba masanduku ya hati. Yeye huomba ruhusa ya kuingia katika mfumo. Ombi hilo linaonekana kuwa dogo, lakini lina uzito wa kihistoria, kwa kuwa ruhusa hutolewa na msimamizi wa mfumo, yaani mmoja wa wanaokaguliwa. Wakati mwingine msimamizi huyo hayuko hata katika halmashauri husika, kwa sababu mifumo mingi huendeshwa kutoka makao makuu ya wizara. Sheria humpa mkaguzi haki ya kupata kumbukumbu zote. Haimpi ujuzi wa kujua ni kumbukumbu zipi hakuonyeshwa.

Kazi anazopewa mwanzoni ni za kurudiarudia, kama zilivyokuwa za mtangulizi wake. Huomba orodha ya watumiaji wa mfumo na kuilinganisha na orodha ya watumishi waliohama, kustaafu au kufariki, ili kuona kama akaunti zao bado ziko wazi. Hukagua mgawanyo wa majukumu: je, yupo mtu mmoja anayeweza kuandaa malipo na pia kuyaidhinisha? Huangalia kama nakala rudufu za data huchukuliwa na kama zimewahi kujaribiwa. Hupitia kumbukumbu za matukio ya mfumo kutafuta ankara zilizofutwa au kurekebishwa bila idhini. Kwa upande wa mapato, hulinganisha kilichorekodiwa na mashine za POS na kilichofika benki, na huuliza mashine iliyokaa nje ya mtandao kwa majuma kadhaa ilikuwa mikononi mwa nani. Swali hilo la mwisho ni mjukuu halali wa swali la kitabu cha HW 5 ambacho hakikurudi.

Kuna changamoto mbili za malezi ya kazi zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni lugha. Mhitimu wa kompyuta husema seva, hifadhidata na nywila. Mkaguzi wa hesabu aliye kiongozi wa timu husema kasma, hati ya malipo na bakaa. Hoja ya ukaguzi isiyotafsiriwa kutoka lugha ya kwanza kwenda ya pili haifiki mbali, kwa sababu mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa kinachoulizwa ni athari: ni kiasi gani, cha nani, na nani anawajibika. Anayesema kwamba nywila ni dhaifu amesema jambo la kweli. Anayeonyesha kwamba kwa nywila hiyo mtu mmoja aliweza kufuta deni la mlipa kodi ameandika hoja.

Changamoto ya pili ni cheo. Mkaguzi wa daraja la chini huenda akawa ndiye mtu pekee katika timu anayeelewa alichokiona katika hifadhidata. Katika enzi ya karatasi mkubwa wake aliweza kuchukua hati ile ile na kuitazama upya; hekima ya wazee ilikuwa kinga dhidi ya kosa la kijana na dhidi ya vitisho vya mkaguliwa. Sasa ujuzi na mamlaka vimetengana. Kijana anaweza kuwa sahihi na asisikilizwe, au akakosea na asirekebishwe. Hatari zote mbili ni za kweli, na mwongozo wa ukaguzi hauwezi kuzimaliza peke yake.

7.0 Mabogini: Daftari Safi na Shamba Kavu

Hoja ya jumla inahitaji kuletwa ardhini. Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Serikali ya Japani, ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliokamilika mwaka 1987. Ulipangwa kuhudumia hekta zipatazo 2,300, kati yake hekta 1,100 zikiwa za mpunga, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Mabogini ilikuwa mojawapo ya maeneo yake makuu. Mashamba yalisawazishwa na kugawanywa katika vipande vya takriban hekta 0.3, mifereji ikasakafiwa, na mavuno ya mpunga yakapanda kwa kiwango kilichoufanya mradi uwe mfano wa kuigwa. Mwaka 1994 Kituo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro, KATC, kilianza kazi Chekereni, na wakulima walikuwa wameunda chama chao, CHAWAMPU.

Mradi ulileta daftari jipya. Ukigawanya hekta 1,100 kwa 0.3 unapata vipande zaidi ya 3,600, kila kimoja kikiwa na namba, mwenye kukilima, msimu wa kupanda na ada ya maji. Orodha ya namna hiyo ni hifadhidata hata kabla ya kompyuta. Kwa sehemu kubwa ya takwimu zake, mradi ulikuwa mfumo uliosanifiwa vizuri.

Kilichoutikisa kilitoka nje ya orodha. Wakulima wa maeneo ya juu ya mradi waliona faida ya mpunga, wakaanza kuulima na kuchepusha maji ya mito ile ile kabla hayajafika katika mabanio. Eneo lililoweza kulimwa mpunga ndani ya mradi likapungua sana, na zamu za maji zikawa chanzo cha mivutano ya muda mrefu. Wakulima wa juu hawakujiona wavamizi. Kwao mto ulikuwa wao kabla ya mradi, kama mifongo ilivyokuwa ya mababu. Namba za vipande ziliendelea kuwapo katika orodha. Maji hayakuwapo katika vipande vyote.

Sasa chukuliwe mfano wa kubuni. Mkaguzi chipukizi anapewa data ya ada za umwagiliaji za msimu mmoja katika eneo la aina hii. Kila malipo yana namba ya kumbukumbu. Kila namba imelingana na taarifa ya benki. Hakuna akaunti ya mtumishi aliyestaafu iliyotumika, na hakuna ankara iliyofutwa. Kwa vigezo vya udhibiti wa mfumo, hesabu ni safi. Lakini mkulima wa mwisho wa mfereji amelipa na hakupata maji. Je, fedha za umma zimesimamiwa vizuri? Mfumo hauna safu ya kuandikia kwamba maji hayakufika, kwa kuwa aliyeusanifu aliulizwa kuhusu mapato tu.

Mzee wa mfongo angelijua jambo hilo kabla ya jua kuzama. Mkaguzi wa stakabadhi huenda angelijua pia, kwa bahati, alipokwenda kijijini kuomba nakala ya mlipaji na kukuta mlipaji ana jambo la kusema. Mkaguzi wa mfumo, anayeweza kukamilisha uchambuzi wake akiwa Dodoma, hana sababu ya lazima ya kukutana na mkulima huyo. Hapa ndipo ufanisi unapogeuka kuwa upofu wa aina mpya.

8.0 Mjadala

Zipo hoja nzito dhidi ya mtazamo huu. Kwanza, mkaguzi wa karatasi alipima sampuli ndogo, wakati mkaguzi wa mifumo anaweza kupitia miamala yote kwa dakika chache. Kurudi vijijini kungekuwa kuacha faida hiyo. Pili, kukutana na wananchi hakukuwazuia wakaguzi wa zamani kudanganywa, na vitabu vya stakabadhi bandia vilikuwapo. Tatu, swali la kama maji yalifika ni la ukaguzi wa ufanisi, ambao una kitengo na mbinu zake.

Hoja ya kwanza na ya pili ni za kweli, na makala haya hayadai kwamba enzi ya karatasi ilikuwa bora. Hoja ya tatu ndiyo inayohitaji kujibiwa. Mgawanyo wa aina za ukaguzi ni wa kiutawala na una manufaa yake, lakini tatizo halisi halijui mipaka ya vitengo. Katika mfano uliotolewa, mkaguzi wa ufanisi angehitaji kujua mfumo unarekodi nini na hauwezi kurekodi nini. Mtu wa kumwambia hilo ni mkaguzi wa mifumo. Na huyo hawezi kugundua safu inayokosekana kwa kuchunguza safu zilizopo. Ni lazima ajue kazi ambayo mfumo unadai kuiwakilisha.

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mwelekeo mmoja. Katika kila kuhama kwa daftari, uwezo wa mwananchi kuhakiki mwenyewe ulipungua na utegemezi wake kwa mkaguzi ukaongezeka. Kwenye mfongo alihakiki kwa macho. Kwenye stakabadhi alibaki na nakala. Kwenye mfumo anabaki na ujumbe mfupi wa simu unaothibitisha kwamba amelipa, lakini hauthibitishi alichopata. Kwa hiyo uzito wa kimaadili wa kazi ya mkaguzi umeongezeka wakati ule ule ambapo umbali wake na mwananchi umekuwa mkubwa zaidi.

9.0 Hitimisho

Mkaguzi chipukizi wa mifumo ya TEHAMA ni mrithi wa kazi ya kale, aliyekabidhiwa daftari jipya. Uchunguzi wa kihistoria unaonyesha mambo matatu. Kwanza, kushindwa kwa kompyuta ya Hazina kabla ya mwaka 1974 kulitokana kwa sehemu na kukosekana kwa wasomaji wa ndani wa daftari. Kada hii mpya ni jibu la tatizo hilo la zamani. Pili, kazi zake za mwanzo, ingawa zina majina mapya, zinaendeleza maswali ya mkaguzi wa karatasi, na ofisi za ukaguzi zingefaidika kwa kuwafundisha vijana mwendelezo huo waziwazi kupitia wakaguzi waliozoea hati na vitabu kabla hawajastaafu. Tatu, kama Mabogini inavyoonyesha, usahihi wa mfumo na ukweli wa huduma ni vitu viwili.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mwaka wa kwanza wa mkaguzi wa mifumo ujumuishe muda wa lazima katika ngazi ya kata na kijiji, pamoja na watendaji, wakusanya ushuru na walipaji, kabla au sambamba na kazi ya hifadhidata. Gharama yake ni posho na nauli. Faida yake ni kwamba anapofungua jedwali lenye safu kumi, atajua kuuliza ya kumi na moja iko wapi. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza kumbukumbu za vyama vya umwagiliaji vya Kilimanjaro kabla na baada ya kuingizwa kwa malipo ya kielektroniki, ili kupima ni taarifa zipi zilihamia katika mfumo na zipi ziliachwa katika madaftari ya zamani ambayo bado yamo makabatini, yakisubiri msomaji.